Wasomaji Wauliza: Tamthilia Imeniharibia Vitabu Vyangu

Ndugu Mhariri,
Vitabu vya Laura Ingalls Wilder, Mmarekani aliyesimulia utoto wake katika familia ya walowezi, nimevisoma vyote, vingine mara tatu. Juzi nimeipata ile tamthilia ya zamani ya *Little House on the Prairie*, nikakaa na familia kuitazama kwa hamu. Tumemaliza msimu wa kwanza na nusu ya wa pili, na hamu imegeuka hasira. Baba hana ndevu. Familia haihami. Kila wiki ni ugomvi na Nellie Oleson, machozi, kisha watu wanakumbatiana. Mambo niliyoyapenda, kujenga, kulima, kuhifadhi chakula, yako wapi? Niendelee au niache? Au ni mimi ninayetaka makuu?
*Msomaji aliyevunjika moyo*

Hutaki makuu, dada, ila ndevu tuziweke kando. Ni kweli picha za Charles Ingalls wa kweli, baba yake Laura, zinamwonyesha na ndevu ndefu, na Michael Landon aliyemwigiza alinyoa uso wote kwa wembe. Lakini hata angefuga ndevu hadi kifuani, malalamiko yako yangebaki palepale, maana chanzo chake ni jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa tangu mwanzo.

Aliyepata haki ya kuvitengeneza vitabu hivi kwa televisheni ni mtayarishaji Ed Friendly, na yeye alitaka vifuatwe karibu ukurasa kwa ukurasa. Landon, aliyekuwa mwigizaji mkuu na mwongozaji, alitaka tamthilia ya familia iliyo huru kujitungia visa. Walivutana, na Friendly akajitoa. Ile filamu ya kufungulia, iliyorushwa na kituo cha NBC tarehe 30 Machi 1974, ilitengenezwa kabla mvutano huo haujaamuliwa, na ndiyo pekee inayofuata kitabu kwa karibu: safari ya gari la turubai, kuvuka mto, kujenga nyumba ya magogo Kansas, kisha kuondoka. Mfululizo wenyewe ulianza Septemba mwaka huohuo ukiwa mikononi mwa Landon. Kwa hiyo ulichokitazama ni kazi mbili zenye jina moja.

Sasa hesabu zenyewe. Vitabu vinahama. Cha mwaka 1932 kiko kwenye misitu ya Wisconsin, cha 1935 kiko Kansas, cha 1937 kiko Minnesota kando ya kijito cha Plum Creek, na kuanzia cha 1939 familia iko Dakota, ambako mji wa De Smet unaota mbele ya macho yao. Televisheni ya miaka ile haikuweza kuhama namna hiyo. Ukishajenga mji wa maonyesho, duka, kanisa, kinu na nyumba, kama walivyofanya kwenye shamba la Big Sky huko Simi Valley, California, ni lazima uutumie mwaka baada ya mwaka, la sivyo fedha zimepotea. Walichagua Walnut Grove, mji wa Minnesota ulio karibu na Plum Creek. Lakini kitabu kinachosimulia maisha ya Walnut Grove ni kimoja tu, *On the Banks of Plum Creek*. Kitabu hicho kimoja kikavutwa kifike misimu tisa na sehemu zaidi ya 200. Kiliisha mapema sana. Kilichobaki kilibidi kitungwe, na ukiwa na mji usiohama na watu walewale kila wiki, kitu rahisi kutunga ni ugomvi wa majirani.

Ndiyo maana kazi za mikono zilipotea. Kwenye vitabu kazi ndicho kisa chenyewe. Chukua mlango wa nyumba ya Kansas. Baba hana msumari hata mmoja, kwa hiyo anapasua mbao kutoka kwenye gogo kwa shoka, anazipanga, anazishikilia kwa mbao za kukingama, anatoboa matundu kwa keekee na kugongelea vigingi vya mti. Bawaba ni mikanda ya ngozi. Komeo ni la mti, na limefungwa kamba inayopita kwenye tundu hadi nje: anayekuja anavuta kamba, komeo linanyanyuka. Usiku unaivuta kamba ndani, na mlango umefungwa. Sura nzima inakwenda hivyo na msomaji hachoki, kwa sababu anajua mbwamwitu wako nje na mlangoni pamening'inizwa blanketi tu. Kwenye skrini, mtu anayetoboa matundu kwa dakika ishirini anahitaji mwongozaji jasiri mno.

Linganisha pia namna deni linavyosimuliwa. Katika sehemu ya kwanza ya mfululizo, *A Harvest of Friends*, Baba anafanya kazi kinuni apate mbao, anaweka ng'ombe wake rehani kwa ajili ya jembe na mbegu, anaanguka kwenye mti na kuvunjika mbavu, na mdai anapokuja kuchukua ng'ombe, wanaume wa mji wanamsaidia kumaliza kazi. Vizuri, unalia kidogo, wiki ijayo kisa kingine. Kwenye kitabu Baba anakopa mbao kwa kutegemea ngano iliyo shambani. Ngano inakaribia kuvunwa, wingu linaziba jua, nzige wanashuka, wanakula kila kitu na kutaga mayai ardhini, maana yake mwaka unaofuata nao umekwenda. Hakuna jirani wa kumwokoa, kwa kuwa majirani nao wameliwa. Anaondoka kwa miguu kwenda mashariki kutafuta kibarua cha kuvuna, akiwa na buti kuukuu zilizotiwa viraka, kwa sababu dola tatu za buti mpya alikuwa amezitoa zinunue kengele ya kanisa. Nzige hao walikuwepo kweli. Waliangamiza mazao ya nyanda zile kati ya 1873 na 1877. Jambo hilo haliwezi kumalizwa ndani ya dakika hamsini, na tamthilia ya namna ile ni lazima imalize.

Haki yao tuwape hata hivyo, na hapa huenda nikakuudhi: vitabu navyo vimeficha. Familia ilimpata mtoto wa kiume, Charles Frederick, aliyezaliwa Novemba 1875 na kufa Agosti 1876. Hayumo katika kitabu chochote kati ya vile vinane vilivyochapishwa mwandishi akiwa hai. Mwaka uliofuatia kifo chake, waliouishi Burr Oak, Iowa, nao umerukwa wote. Tamthilia ndiyo iliyothubutu kuonyesha mama akizika mtoto, katika *The Lord Is My Shepherd* ya Desemba 1974. Visa vilivyozunguka kifo hicho ni vya kutunga, lakini jeraha ni la kweli.

Ushauri wangu basi: rudia ile filamu ya kufungulia, maana hiyo inastahili. Itazame hiyo ya Desemba 1974. Mengine ya misimu minne ya kwanza yachukue kama tamthilia ya jioni isiyo na deni kwa kitabu. Baada ya Mary, dada yake Laura, kupofuka mwishoni mwa msimu wa nne, mwaka 1978, acha kabisa kama unachotafuta ni Laura wa vitabuni. Kuanzia hapo anaingia Albert, mtoto wa kulea ambaye hakuwahi kuwepo, na mambo yanazidi kuchacha. Na kama unataka kuona alichokuwa anakitaka Friendly, tafuta mfululizo mfupi wa kituo cha ABC wa mwaka 2005. Yeye alikuwa miongoni mwa watayarishaji wakuu, na kisa chake ni kile cha kitabu cha Kansas. Una udhaifu wake, lakini watu wanafanya kazi.

Mhariri,
Nimebishana na dada yangu. Yeye anasema Mary aliolewa na mwalimu kipofu, Adam, na mtoto wao akafa kwenye moto. Mimi nakumbuka vitabuni Mary haolewi. Nani amekosea?
*Mbishi*

Dada yako ameishika tamthilia, wewe umeishika historia. Adam Kendall, ndoa, shule ya vipofu na ule moto wa msimu wa sita ni vya watunzi wa televisheni. Mary Ingalls alipofuka mwaka 1879 akiwa na miaka 14. Mwaka 1881 alikwenda shule ya vipofu ya Vinton, Iowa, akamaliza 1889, akarudi De Smet kuishi na wazazi. Hakuolewa wala hakufundisha. Alichangia kipato cha nyumba kwa kusuka nyavu za kuwakinga farasi na nzi. Alifariki mwaka 1928.

Kitabu kinasema ugonjwa uliompofusha ni homa ya vipele vyekundu. Madaktari waliochambua barua na magazeti ya wakati ule waliandika mwaka 2013 katika jarida la *Pediatrics* kwamba homa hiyo haipofushi kwa namna ile. Wao wanaelekea kwenye uvimbe wa ubongo na utando wake uliosababishwa na virusi. Kwa hiyo mkibishana tena, hata kitabu kisiwe hakimu wa mwisho.

Ndugu Mhariri,
Katika *The Long Winter* wanachoma nyasi badala ya kuni. Nyasi si zinawaka mara moja na kuisha? Iliwezekanaje kupasha nyumba joto kwa miezi? Na kwa nini tamthilia haikugusa kisa kitamu namna hii?
*Msomaji wa sayansi*

Iliwezekana, kwa jasho. Siri ni kuzisokota. Nyasi zinazofaa ni zile ndefu na nene za mabondeni yenye maji, zilizokaushwa vizuri. Unachukua mshiko wa mkononi, unausokota kwa nguvu upande mmoja hadi ukakamae na kuanza kujikunja wenyewe katikati, unauacha ujizungushe kama kamba ya nyuzi mbili, kisha ncha unazichomeka kwenye mkunjo zisifumuke. Unapata kijiti kigumu. Nyasi zilizolegea zina hewa kila upande, ndiyo maana zinalipuka na kuisha. Ukizisokota unaifukuza hewa, na moto unakula kutoka nje kwenda ndani.

Palipo na tatizo ni mwendo. Kijiti kimoja hakidumu, kwa hiyo mtu mmoja lazima awe anasokota huku mwenzake analisha jiko, kutwa nzima, katika kibanda chenye baridi kilichoshikana na nyumba. Nyasi fupi zinakatika, mbichi zinatoa moshi bila joto, zilizosokotwa kwa ulegevu zinafumukia jikoni na kurusha cheche. Na mikono inachubuka, kwa sababu nyasi hizo zina ncha kali. Ukitaka kujaribu, jaribu nje. Jiko la familia ile lilikuwa la chuma lenye vifuniko.

Nafaka ilikuwa hivyohivyo. Treni zilikwama thelujini tangu Januari 1881 hadi Mei, unga ukaisha dukani, ikabaki ngano nzima na hakuna kinu. Waliisaga kwa kile kinu kidogo cha kahawa, na kwa kuwa kinameza kiasi kidogo sana kwa mara moja, ilibidi kila mtu azungushe mkono kwa zamu kutwa ili upatikane mkate wa siku ile. Mafuta ya taa yalipokwisha, Mama alichukua kifungo, akakifunika kitambaa, akakifunga na kuacha kitambaa kisimame juu kama utambi, akakiweka kwenye kisahani cha grisi ya ekseli ya gari. Kikawaka.

Kisha Almanzo Wilder, aliyekuja kuwa mume wa Laura, na rafiki yake Cap Garland wakatoka kwenda kutafuta ngano ya mlowezi aliyeishi mbali, wakarudi na busheli 60, takriban kilo 1,600, waliyoinunua dola 1.25 kwa busheli. Mwenye duka aliyetoa fedha akataka kuiuza dola 3. Bishano linalofuata dukani ni mojawapo ya kurasa bora za vitabu vyote, na halina ngumi hata moja.

Ama kuhusu tamthilia: kisa hiki kinatokea De Smet, nao walibaki Walnut Grove. Pia ni familia moja chumbani, njaa inayopanda polepole, upepo, na kinu cha kahawa kinachozunguka. Mimi ningekitazama usiku kucha, lakini mtangazaji wa matangazo ya biashara asingekilipia. Ongeza na hili: mwandishi mwenyewe alikisafisha kisa. Chumbani humo walikuwemo pia George na Maggie Masters na mtoto wao mchanga, wageni waliokula bila kusaidia vya kutosha. Wamo katika kumbukumbu zake, *Pioneer Girl*, zilizochapishwa mwaka 2014. Kitabuni hawamo, na kwa maoni yangu alifanya vyema kuwatoa.

Mheshimiwa Mhariri,
Binti yangu ana miaka minane. Nianze kumsomea kipi? Na nimesikia vitabu hivi vina maneno mabaya juu ya wenyeji wa Marekani. Nivifiche?
*Mzazi*

Anza na *Little House in the Big Woods* (1932), kisha fuata mpangilio wa kuchapishwa. *Farmer Boy* (1933), kinachohusu utoto wa Almanzo jimbo la New York, unaweza kukiruka na kukirudia baadaye; mtoto akiwa na njaa usimsomee, maana vyakula vinafuatana ukurasa baada ya ukurasa. Kuanzia *The Long Winter* (1940) Laura anakaribia miaka 14, na mtoto wa miaka minane anaweza kungoja. *The First Four Years*, kilichotoka 1971 baada ya mwandishi kufariki, ni rasimu kavu ya maisha ya ndoa: madeni, moto, kifo cha mtoto. Hicho si cha kulalia.

Kuhusu wenyeji, usivifiche, lakini usimwache avisome peke yake, hasa kile cha Kansas. Nyumba ile ilijengwa kwenye ardhi ya Waosage, kabila mojawapo la wenyeji hao. Serikali ilikuwa haijaifungua kwa walowezi, kwa hiyo akina Ingalls walikuwa wavamizi, na hilo kitabu hakilisemi wazi. Mwanzoni kiliandika kwamba pale hapakuwa na watu, waliishi Wahindi tu, ndivyo wenyeji walivyoitwa. Msomaji mmoja alilalamika mwaka 1952, na chapa iliyofuata ikabadilisha "watu" kuwa "walowezi". Majirani wengine kitabuni wanasema Mhindi mzuri ni aliyekufa. Baba anawapinga, Mama anawaogopa na kuwachukia. Mwulize binti yako kwa nini Waosage wale wana njaa na wanaingia nyumbani kuomba mkate. Jibu liko mlemle: wanyama wao wa kuwinda na malisho yao vimechukuliwa. Mwaka 1870 walikubali kuiuza ardhi hiyo kwa serikali na kuhamia Oklahoma ya sasa.

Kwa sababu ya maandishi hayo, mwaka 2018 chama cha wakutubi wa watoto cha Marekani kililiondoa jina la Wilder kwenye tuzo yake, iliyokuwa ikitolewa tangu 1954. Vitabu havikupigwa marufuku.

Katika kitabu hichohicho mwonyeshe pia daktari. Familia nzima inaangushwa na homa ya baridi. Majirani wanasema imeletwa na matikitimaji. Anayewaponya kwa unga mchungu wa kwinini ni daktari mweusi, na alikuwa mtu wa kweli, George Tann, aliyewatibu walowezi na Waosage pia.

Mhariri,
Netflix ilitangaza Januari 2025 kwamba itavitengeneza upya vitabu hivi. Mtu aliyewahi kuumia aangalie nini kabla ya kujipa moyo?
*Nisiyeamini kirahisi*

Usiangalie nguo wala ndevu, hizo ndizo rahisi kuzipatia. Tazama sehemu mbili za kwanza ukiwa na maswali machache. Nyumba inajengwa mbele yako, au unaikuta imekwisha? Mtu akiwa na deni, unaambiwa ni kiasi gani na litalipwa kwa mazao gani? Waosage wana majina na mambo yao wenyewe, au wanatokea mlangoni tu kumtisha Mama? Na familia ikifungasha, sababu ni ipi? Hili la mwisho ni gumu kuliko linavyoonekana. Kitabu kinasema Baba aliondoka Kansas kwa kusikia kwamba askari wanakuja kuwatoa. Lakini kufikia 1871 Waosage walishakubali kuuza, na walowezi wengi walibaki. Kilichosukuma pia ni fedha: aliyenunua shamba lao la Wisconsin alishindwa kumaliza malipo, likawa linawarudia.

Na wakikwambia kwamba nyumba ilikuwa maili 40 kutoka mji wa Independence, ujue wamenakili kitabu bila kukagua. Zilikuwa kama 13. Kwa maili 40 wangekuwa wamejenga ndani ya Oklahoma.